Kilio cha Meng Jiangnü: Je, Ngano Hudanganya?

Msafiri afikapo Shanhaiguan, kaskazini mashariki mwa China, huonyeshwa hekalu la Meng Jiangnü. Ngano yasema mumewe alifia kwenye kazi ya shuruti ya kujenga Ukuta Mkuu, enzi ya Qin. Mjane alipolia, ukuta ukaporomoka. Lakini ukuta wa hapo ni wa enzi ya Ming, ulianza kujengwa 1381! Tena, mwaka 1924 mwanahistoria Gu Jiegang alionyesha kuwa chimbuko la ngano ni mjane wa 550 K.K., aliyekataa rambirambi za njiani akitaka msiba uwe nyumbani. Basi ngano ni uongo? Hata kidogo. Sifa za ukuta walichukua wafalme. Wavujajasho wakamtwika mjane huyu kilio chao, enzi baada ya enzi. Sisi wahakiki tukiitupa kwa sababu ya tarehe, tutabaki na mawe tu.