Barua ya Machemba na Faida ya Kutunza Maandiko ya Wazee

Hazina za duniani ni za namna nyingi. Wako watu ambao hazina yao si fedha wala ng'ombe, bali ni barua za wakubwa waliopita, zilizoandikwa kwa mikono yao wenyewe. Watu hao huwaandikia wazee waliopata kutawala, au jamaa zao, wakawaomba barua kuukuu, au hata sahihi peke yake. Mmoja aliyesifika kwa kazi hiyo ni Mchungaji William Sprague wa Albany katika Marekani, aliyefariki mwaka 1876. Mwaka 1815, naye bado kijana, alikuwa mwalimu katika nyumba ya jamaa ya George Washington, rais wa kwanza wa nchi ile. Bushrod Washington, aliyezirithi karatasi za rais, alimruhusu kuchukua barua azitakazo kwa sharti moja: kila aichukuapo barua, aache nakala mahali pake. Akachukua barua zipatazo 1,500.

Labda mtu atauliza, Mambo hayo yatuhusu nini sisi wa Chuno na pwani hii ya Mtwara? Yatuhusu sana, kwa kuwa maandiko ya wazee wetu nayo yalikusanywa, wala wengi wetu hatuna khabari. Zamani watu wa pwani waliandikiana Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. C. G. Büttner, aliyefundisha Kiswahili mjini Berlin, alikusanya barua na hati za namna hiyo, akazipiga chapa mwaka 1892. Baada yake Carl Velten, mwaka 1907, alipiga chapa khabari za kale za miji ya pwani, na miongoni mwake zimo za Lindi, Sudi na Mikindani. Lakini katika maandiko yote yaliyotoka pande zetu, liko moja ambalo latupasa kulifahamu kwanza, nalo ni barua ya Machemba.

Machemba alikuwa mkuu wa Wayao waliokaa katika nchi ya juu ya Makonde. Mwezi wa Mei 1890 majeshi ya Wadachi, yaani Wajerumani, chini ya Hermann von Wissmann, yalitwaa Kilwa, Lindi na Mikindani. Abushiri wa Pangani alikuwa amekwisha kunyongwa mwezi wa Desemba 1889, hata kuwapinga Wadachi lilikuwa jambo la kuogofya. Basi Wissmann alimtaka Machemba amtii, na kumwendea pwani. Machemba akamjibu mwaka uo huo kwa barua ya Kiswahili.

Twaeleza maana yake kwa maneno yetu. Alisema ameyasikia maneno ya Wissmann, lakini haoni sababu ya kumtii, na kufa ni afadhali kwake. Ameitafuta sababu asiione, kwa maana hadaiwi naye hata pesa moja, wala robo ya pesa, wala sindano, wala uzi. Kama ni urafiki, yu tayari siku zote; kama ni vita, yu tayari pia; lakini kuwa mtu wake, hawezi. Hataanguka miguuni pake, kwa kuwa wote wawili ni viumbe vya Mungu. Yeye ni sultani katika nchi yake, na Wissmann ni sultani katika nchi yake. Wala yeye hamwambii Wissmann amtii, kwa sababu amjua kuwa ni mwungwana. Mwisho akasema hatakwenda; naye Wissmann, akiwa na nguvu, na aje amchukue.

Tazameni, ndugu, jinsi maneno hayo yalivyopangwa. Hayana matusi. Kwanza yauliza deni, kama waulizavyo watu barazani: mtu hamwiti mwenziwe ila kwa haki iliyo juu yake. Kisha yafungua mlango wa urafiki. Kisha yataja Mungu aliyewaumba wote wawili. Ndipo yakataa. Mtu aliyeitwa mwasi twamwona hapa akitoa hoja kama kadhi.

Hatusemi kwamba Machemba hakuwa na lawama. Wakuu wa Wayao wa siku zile walifanya biashara ya pembe na ya watumwa pia, na walioteswa katika biashara ile hawakuacha barua. Lakini mwenye haki husikiliza pande zote mbili, na upande wa Machemba twausikia kwa sababu karatasi ile ilitunzwa.

Machemba alishindana na Wadachi miaka mingi. Mwaka 1898 serikali yao ilianza kutoza kodi ya nyumba. Mwaka 1899 walipeleka jeshi kubwa. Machemba akashindwa, akavuka mto Ruvuma na kuingia nchi ya Wareno. Nchi yake ilitwaliwa, lakini barua yake ilibaki katika kumbukumbu za adui zake. Mwaka 1959 F. F. Müller aliitia katika kitabu chake kilichopigwa chapa Berlin, na mwaka 1964 Basil Davidson akaitoa kwa Kiingereza. Hivyo neno lililotoka Makonde likasomwa na dunia nzima kabla ya wajukuu wa nchi ile kulisikia.

Na sisi je? Mzee afapo, sanduku lake hufunguliwa: nguo hugawanywa, fedha huhesabiwa, na karatasi hutupwa jaani au huachiwa mchwa. Pengine kati ya zile imo hati ya shamba, au barua ya mtu aliyekwenda kazini mbali asirudi. Basi mwenye barua za wazee na azitie katika bati lenye kifuniko, mahali pakavu. Zilizo za herufi za Kiarabu azipeleke kwa ajuaye kuzisoma, angali hai, naye aandike nakala kwa herufi za shule. Tena akija mgeni kuziomba, asimfukuze wala asimpe bure tu, bali amshike kwa sharti lile la Bushrod Washington: asichukue asili pasipo kuacha nakala. Mtoto wa kijiji hiki asilazimike kwenda Berlin kutafuta neno la babu yake.