Maswali Juu ya Wanamaji: Jibu kwa Vijana wa Kidato cha Tatu

Katika mkutano wetu uliopita, baada ya chakula na kabla ya mpira, vijana watatu wa kidato cha tatu walinifuata chini ya mwembe. Waliniamkia vizuri, kisha mmoja akasema: "Mzee, tumeambiwa ulikuwa mwalimu wa historia. Je, mtu asiyejua kuogelea anaweza kuwa mwanamaji?" Wa pili alitaka kujua kama mwanamaji na baharia ni mtu yule yule. Wa tatu, ambaye nadhani ndiye aliyewatanguliza wenzake, alikuwa na swali moja tu: mtu afanyeje hata akabidhiwe mzinga wa manowari?

Niliwajibu ovyo ovyo, maana filimbi ya mpira ilikuwa imekwisha pigwa na mimi nilikuwa nimetajwa katika timu ya wazee. Nilipokuwa ndani ya daladala nikirudi Mbagala, nikaona nimewadhulumu. Ndiyo sababu nimemwomba mhariri kurasa chache. Nao vijana wanivumilie, kwani mwalimu wa historia haulizwi swali la leo akalijibu bila kuanzia mbali.

Kwanza niyamalize yale mepesi. Baharia ni kila mtu anayefanya kazi ya chombo baharini, awe wa jahazi la Mafia au wa meli ya makontena. Mwanamaji ni askari. Anayetaka kuwa baharia wa meli za biashara huenda Chuo cha Bahari pale mjini. Anayetaka kuwa mwanamaji huingia Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Wala hakuna mlango wa pembeni wa kuingilia majini peke yake. Jeshi ni moja, lina kamandi zake za nchi kavu, anga na wanamaji, na kijana huandikishwa kuwa askari kwanza. Kwa kawaida hupitia Jeshi la Kujenga Taifa, hutimiza masharti ya uraia, umri, elimu na tabia njema yanayotajwa katika tangazo la mwaka huo, hufundishwa uaskari, ndipo hupangiwa kamandi. Wale wa KMKM tunaowaona Unguja na boti zao ni kikosi cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, si sehemu ya JWTZ. Ama kuogelea, hufundishwa. Nimewajua wavuvi wa Mji Mwema waliozeeka baharini wasijue kuogelea hata hatua kumi, lakini jeshini jambo hilo haliachwi kwa bahati.

Sasa niuendee mzinga.

Neno lenyewe "manowari" tulilitwaa kwa Waingereza, ambao zamani waliita meli ya vita "mtu wa vita". Tulichukua neno kabla hatujawa na meli. Sultani Barghash wa Zanzibar, baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuvunja merikebu zake, aliagiza Uingereza meli moja nzuri iliyoitwa Glasgow. Ilikuwa na mizinga midogo, na kwa sehemu kubwa ilikaa imetia nanga mbele ya jumba. Tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash alipokataa kuondoka katika jumba la kifalme, meli za Kiingereza zilianza kupiga. Glasgow ikajibu, ikazamishwa asubuhi ile ile. Vita vyote havikufika saa moja. Milingoti yake ilibaki inachungulia juu ya maji kwa miaka mingi, na kila aliyeingia bandarini Unguja aliiona.

Lakini kisa ninachotaka vijana wakishike ni cha mwaka 1914, nacho ni cha mji wetu. Mwezi Juni mwaka huo manowari ya Kijerumani Königsberg iliingia Dar es Salaam. Wenyeji walijaa ufukoni kuitazama, wakaipa jina: manowari ya bomba tatu, kwa ajili ya mabomba yake matatu ya moshi. Vita vilipoanza ilitoka baharini. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 iliikuta meli ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar, ikaizamisha. Kwa nini Pegasus haikukimbia wala kupigana sawasawa? Kwa sababu ilikuwa katika matengenezo ya mitambo yake ya mvuke, haikuwa na nguvu ya kujisogeza. Naam, na huyo mshindi alifika wapi? Hakufika mbali. Mashine yake nayo ilivunjika kipande, ikabidi ajifiche katika midomo ya mto Rufiji, kwenye mikoko.

Hapo ndipo historia inapoanza kuwahusu watu wetu, ingawa vitabu vingi huwataja kwa mstari mmoja. Vile vyuma vilivyovunjika vilitolewa melini, vikaburutwa nchi kavu kutoka Rufiji mpaka karakana za Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 100 za tope, mchanga na vichaka. Vikatengenezwa, vikaburutwa tena kurudi. Walioburuta ni Waafrika, wapagazi wasioandikwa majina. Meli ikapona mitambo, lakini kwa wakati huo Waingereza walikuwa wamekwisha ziba njia ya kutokea, na tarehe 11 Julai 1915 ikaangamizwa pale pale mtoni. Baadaye mizinga yake 10 iliopolewa, ikaletwa Dar es Salaam kutengenezwa, ikaenda kupigana nchi kavu pamoja na mabaharia wake.

Niliwafundisha wanafunzi kisa hiki kwa miaka mingi, na kila mara walikumbuka mizinga wakasahau mashine. Lakini itazameni vizuri: meli mbili, na hatima ya zote mbili iliamuliwa katika chumba cha injini. Hata Liemba ya Ziwa Tanganyika inasema hivyo hivyo. Wajerumani walipolazimika kuizamisha kwa mikono yao mwaka 1916, mafundi wake waliipaka injini grisi nyingi kabla ya kuizamisha. Ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikibeba abiria. Aliyeiokoa ni mtu mwenye kopo la grisi.

Katika Vita Kuu ya Pili vikosi vidogo vya wanamaji wa kujitolea viliundwa Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Lakini watu wetu wengi zaidi waliiona bahari wakiwa shehena. Mwezi Februari 1944 meli Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Colombo imejaa askari. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani iliipiga karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, na mamia kati yao walikuwa askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Walikuwa wapiga mizinga hodari, vijana, lakini mizinga yao ilikuwa ya nchi kavu, na wao walikuwa abiria tu. Yule aliyeniuliza juu ya mzinga akumbuke hilo.

Baada ya vita, miaka ya 1950, kulikuwa na jeshi moja la majini la Afrika Mashariki yote, makao yake Mombasa. Meli yake iliyojulikana sana iliitwa Rosalind, jina la msichana katika mchezo wa Shakespeare. Huenda ndiyo manowari pekee katika historia yetu iliyokuwa na jina la mpenzi wa mtu. Jeshi hilo likavunjwa mwaka 1962. Kenya ikaanzisha la kwake tarehe 12 Desemba 1964. Tanganyika ilibaki bila jeshi la majini.

Gharama ya kukosa tuliiona upesi. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, huku Kinondoni. Husimuliwa kwamba Mwalimu Nyerere na Mzee Kawawa walivushwa kwa kivuko kwenda Kigamboni, wakakaa mafichoni. Tarehe 25 alfajiri, kwa ombi la serikali yetu wenyewe, makomando wa Kiingereza waliruka kwa helikopta kutoka meli Centaur wakashuka Colito, na uasi ukaisha. Mwalimu hakuficha kwamba lilikuwa jambo la kuaibisha. Taifa lenye umri wa miaka miwili liliamuliwa mambo yake na meli ya mtu mwingine iliyoegeshwa nje ya bandari, kama Unguja mwaka 1896.

Jeshi la zamani likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa JWTZ. Nani afundishe wanamaji? Ujerumani ya Magharibi ilianza kusaidia upande wa anga na doria ya pwani. Lakini mwanzoni mwa mwaka 1965, ilipochukizwa na ofisi ya Ujerumani ya Mashariki kuendelea Zanzibar, iliwaondoa wakufunzi wake mara moja. Mwalimu akaiambia iondoe na misaada yake mingine. Watu wengi husimulia ushujaa wa jibu lile, na ni haki yake. Mimi huwafikiria wale vijana waliokuwa wamekwisha anza mafunzo, wamejua nusu ya kazi. Nusu ya fundi ni hasara, maana anajua kufungua asijue kufunga.

Basi wakaja Wachina. Kituo cha wanamaji kikajengwa Kigamboni, ambayo wakati huo ilihesabiwa katika Temeke, kikakamilika mwaka 1971. Zikaja boti za mizinga za aina ya Shanghai, vijana wetu wakafunzwa kuziendesha. Kwamba kituo kilijengwa ng'ambo ile ile alikovushiwa Rais mwaka 1964, sijui kama kuna aliyelifikiria; kina cha maji na ukaribu wa bandari vingetosha kuwa sababu.

Darasa letu lilimaliza mwaka 1974. Tulikuwa tukipanda pantoni siku za Jumapili kwenda kuzichungulia zile boti kwa mbali, mpaka tufukuzwe. Karibu nusu ya darasa tulitaka kuwa wanamaji, na wote tulitaka mzinga. Hakuna hata mmoja aliyesema anataka kuwa mtu wa mafuta na spana.

Kati yetu mmoja alikuwa mtoto wa mvuvi wa Mtoni. Huyu aliijua bahari kuliko sisi sote tukiwekwa pamoja. Alijua kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu, alijua mwamba uko wapi kwa kutazama rangi ya povu, au ndivyo tulivyodhani. Alipokwenda kupimwa kwa ajili ya kazi ya chombo, alionyeshwa kitabu chenye vitone vya rangi, akaambiwa asome tarakimu zilizomo. Hakuona tarakimu. Akadhani wanamtania. Ndipo alipojua, akiwa na miaka 19, kwamba kwake nyekundu na kijani ni kitu kimoja.

Kwa asiyejua uzito wake, nieleze. Usiku kila meli huwasha taa nyekundu upande wa kushoto na ya kijani upande wa kulia. Mlinzi wa zamu akiona nyekundu mbele yake anajua chombo kile kinaelekea wapi, na nani ampishe mwenziwe. Asiyezitofautisha atazigonganisha meli mbili akiwa na bidii zote za dunia. Kwa hiyo zamu ya darini haikumfaa. Waliompima hawakukosea. Kilichomuumiza ni kwamba alipoteza miaka miwili kungojea kazi moja, wakati zipo nyingine ambazo angeziandaa mapema kama angejua. Alikaa nyumbani mwaka mzima bila kutaka kuzungumza na mtu.

Basi kijana wangu wa tatu, hesabu pamoja nami watu wa chombo kimoja cha vita. Yuko nahodha na maafisa wake, na usishangae kwamba kwa desturi ya Waingereza kapteni wa majini analingana na kanali wa nchi kavu. Yuko mshika usukani. Wako watu wa rada na wa redio, ambao huishi na namba usiku kucha. Yuko fundi umeme. Wako mafundi wa injini, chini kabisa, penye joto na kelele, ambao wakati wa hatari hawaoni kinachotokea juu. Yuko mpishi, ambaye bahari ikichafuka hufunga sufuria kwa vyuma ili mchuzi usimmwagikie. Yuko mganga. Wako wazamiaji, na hapa sisemi "kuzamia meli" kwa maana ya vijiweni kwetu, bali wale wanaoshuka chini ya maji kukagua, kufungua, na siku nyingine kutoa maiti. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na watu zaidi ya 220 wakafa, fundi mmoja alitolewa akiwa hai siku mbili baadaye, ndani ya kivuko kilichogeuka juu chini. Ilibidi watu waingie ndani ya maji ndipo apatikane.

Na wapiga mizinga, naam, wapo. Ni wachache. Kazi yao kubwa ni kusafisha, kupaka mafuta na kufanya hesabu za umbali na mwendo. Kwa hiyo ukipata alama ya chini katika hisabati usije ukaniambia unautaka mzinga.

Yule mwenzetu wa Mtoni baadaye alijifunza ufundi wa dizeli katika karakana moja, akatengeneza injini za boti za wavuvi mpaka alipostaafu. Nilimwomba ruhusa ya kueleza habari zake, akakubali kwa sharti nisimtaje jina na niwaambie vijana wapimwe macho wakiwa bado shuleni. Nimemwona mwalimu mkuu juu ya jambo hilo. Kitabu cha vitone nimekwisha azima kwa daktari mmoja, mwanafunzi wa zamani wa darasa la nyuma yetu. Siku ya mkutano ujao kitakuwa katika chumba cha maabara kuanzia saa tatu asubuhi, kabla ya mpira.