Vijia vya Kurudi Mtoni

Ukifika Kibiti kwa basi la kutoka Dar es Salaam, macho yote huelekea kusini. Vijana hukimbilia madirishani na korosho na machungwa, kondakta anahesabu abiria wa Lindi na Mtwara, kisha basi linaondoka kuelekea Ikwiriri na Daraja la Mkapa. Wachache hutazama kulia, kule inakoanzia barabara ya vumbi inayokwenda Mkongo na kuendelea hadi Mloka, penye lango la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Magari ya watalii huipita kwa haraka, vioo vimefungwa. Mimi nilishuka Mkongo. Nilitaka kutembea kutoka kijijini kuteremka hadi Mto Rufiji, kwa sababu kipande hicho cha njia kina historia ambayo haijapewa haki yake.

Mkongo iko Mkoa wa Pwani lakini haina pwani. Bahari huku ni mahali mto unakokwenda, basi. Watu wa delta wana mikoko, na kwa karne nyingi majahazi yalikuja kwao kuchukua boriti za kujengea nyumba za Unguja, Oman na Ghuba. Watu wa huku juu wana udongo. Rufiji hukusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, kutoka bonde lenye ukubwa wa takriban kilometa za mraba 177,000, na maji hayo yakifurika huacha tope jeusi juu ya mashamba. Kilimo kizima cha hapa kimejengwa juu ya tope hilo.

Mpunga hupandwa mvua za kwanza zinaponyesha, ukue kabla mafuriko hayajafika na uendelee kusimama ndani ya maji. Maji yakipungua, kuanzia Mei au Juni, watu hufuata ukingo wake unavyorudi nyuma na kupanda mahindi, kunde na maboga katika ardhi iliyo mbichi bado. Huo ndio mlau. Hauhitaji mbolea ya dukani wala kungoja mvua nyingine, ila unahitaji mtu anayejua ni wapi pataanza kukauka na wapi patabaki na unyevu hadi Septemba. Juu ya mashamba husimama madungu, vibanda vya nguzo ndefu ambamo familia hulala kwa miezi, wakiwinga ndege mchana na kusikiliza kiboko na nguruwe usiku. Ninapotaka kumweleza mgeni ustaarabu wa Warufiji, huanza na dungu.

Mwaka 1968 mto ulifurika kupita kiasi. Azimio la Arusha lilikuwa na mwaka mmoja tu, na serikali iliona nafasi: watu watolewe bondeni, wapandishwe kwenye ardhi ya juu, wakae pamoja wapate shule, zahanati na maji safi. Operesheni Rufiji ilianza hapo, miaka kadhaa kabla ya Operesheni Vijiji iliyotikisa nchi nzima katika miaka ya 1970. Mkongo ni miongoni mwa vijiji vilivyojazwa na uhamisho huo. Sikatai kwamba sababu ilikuwepo, kwani maji yalikuwa yamechukua nyumba na akiba. Shule nazo zilijengwa, na wajukuu wa waliohamishwa wamesoma humo. Lakini huku juu ni mchanga. Unafaa mihogo na mikorosho, haufai mlau. Mkulima aliyezoea kuamka ndani ya shamba lake akajikuta analifuata kwa saa nzima au zaidi, jembe begani.

Akalifuata hivyo hivyo. Vijia ninavyovizungumzia ndivyo vilivyochongwa na nyayo hizo. Vinatoka nyuma ya nyumba za Mkongo, vinapita mikorosho, vinateremka taratibu hadi rangi ya ardhi inabadilika chini ya miguu, kutoka nyekundu kwenda nyeusi. Nilipishana na akina mama wenye vikapu vichwani, nikawaamkia, wakaitika marahaba bila kupunguza mwendo.

Miguu imelivuka bonde hili kwa sababu nyingine pia. Baada ya mkataba wa Juni 1873 uliomlazimu Sultani Barghash wa Unguja kuzuia biashara ya watumwa baharini, wafanyabiashara wa Kilwa waliwapeleka mateka kwa njia ya nchi kavu, wakawapitisha Rufiji kuelekea kaskazini. Mwingereza Frederic Elton, aliyesafiri njia hiyo, aliripoti watumwa 4,096 waliopita katika mwezi mmoja tu kati ya Desemba 1873 na Januari 1874. Barghash alipiga marufuku misafara ya nchi kavu mwaka 1876. Kizazi kimoja baadaye, watu waliochoshwa na mashamba ya pamba ya Wajerumani walikwenda Ngarambe, kusini ya mto, kwa mganga Kinjikitile Ngwale, kuchukua maji ya dawa. Alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, Vita vya Maji Maji vikiwa vimekwisha kuwaka Umatumbi.

Kukusanya watu katika vijiji vipya hakukuanzia Rufiji. Mbali na hapa, katika nchi ya Paraguay isiyo na bahari, Wajesuiti walianza mwaka 1609 kuwakusanya Waguarani katika vijiji vilivyopangwa kuzunguka kanisa. Mwaka 1767 mfalme wa Hispania akawafukuza mapadri hao. Waguarani walipoteza mengi, lakini Kiguarani kiko hai hadi leo, kinazungumzwa hata na wasio wa asili hiyo, na katiba ya 1992 inakitaja kuwa lugha rasmi pamoja na Kihispania. Mkongo nimeona jambo la jamii hiyo. Nyumba zilihama, elimu ya mto haikuhama.

Sasa elimu hiyo inajaribiwa upya. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022 na likatoa umeme wa kwanza Februari 2024. Miezi miwili baadaye mafuriko yalizamisha mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti, na watu wakabishana kama bwawa liliyazidisha maji au liliyapunguza. Mkulima wa mlau ana swali lingine pia: miaka ambayo maji yatazuiwa yote, tope litatoka wapi? Wanaopanga lini milango ya bwawa ifunguliwe, na maji kiasi gani yaachiwe, wangeteremka kwanza hivi vijia na akina mama wa Mkongo, waonyeshwe mfereji upi hujaa mapema na shamba lipi hukauka mwisho, kisha waiandike ratiba yao wakiwa na majibu hayo mkononi.