Siwa ya Mwana Darini

Jamaa zangu wa Chake Chake wananitania kwamba kila nikisafiri narudi na habari za vitu vya makumbusho. Haya, leo tena!

Watu wa Ireland wana kinubi chao cha kale pale Trinity College, Dublin. Wanakienzi mpaka wamekiweka kwenye sarafu zao za euro. Sisi wa pwani tulikuwa na siwa, baragumu kubwa linalopulizwa ubavuni, si nchani. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, watu wake waliandika kwamba waliona mbili za pembe za ndovu, zenye nakshi nyingi na kimo cha mtu.

Ya Pate, ambayo imehifadhiwa Lamu, ina urefu wa zaidi ya mita 2. Hebu fikiria kazi ya kuikomba pembe ya ndovu mpaka iwe mwanzi bila kuipasua, kisha kuichora misuko inayopishana kama ukili! Ya Lamu yenyewe ni ya shaba. Fundi alianza na umbo la nta, akalivika udongo, nta ikayeyushwa, shaba ikamiminwa mahali pake. Ukikosea, unaanza upya.

Habari za Pate zinasimulia kwamba Mwana Darini alitaka kumfanyia mwanawe sherehe ya tohara, mfalme akamnyima siwa. Kwa muungwana wa zama zile, sherehe bila siwa ilikuwa aibu tupu. Bibi hakulia. Alimwita fundi, akachonga ya pembe kwa siri. Siku ya sherehe mji ukasikia siwa ikilia, na si kwa mfalme! Huenda wasimulizi wametia chumvi, lakini mimi kisa hiki nakipenda. Mfalme alimiliki siwa, ujuzi hakuumiliki.

Unguja nako Mwinyi Mkuu alikuwa na ngoma na siwa zake. Wa mwisho alifariki mwaka 1873, na vitu vile vikaishia makumbusho.

Ya pembe za ndovu haichongwi tena. Biashara ya pembe hizo ilipigwa marufuku kimataifa mwaka 1989, na vizuri hivyo. Lakini mti je? Nilimuuliza fundi mmoja wa milango, mzee wa Wete, kama anaweza kuchonga siwa ya mti. Alicheka.

“Kuchonga naweza, mwanangu. Nani ataipuliza?”