Kusoma tovuti bila intaneti: programu ya wget

Wget ni programu ya bure inayonakili tovuti ili tuisome bila intaneti. Hrvoje Nikšić aliitoa mwaka 1996. Haina vitufe, tunaiandikia amri, kisha anwani ya tovuti:

wget --mirror --convert-links --page-requisites --no-parent --wait=2

Kwa mpangilio: hufuata kurasa zote, hurekebisha viungo vifunguke ndani ya kompyuta, huleta picha, haitoki nje ya sehemu tuliyoitaja, hungoja sekunde 2 kila mara, isiilemee seva ya wengine.

Hapa Mudaka mega zinaisha haraka, basi tuchague sehemu tunayoihitaji tu. Mmoja akipakua Bukavu, flashi moja itawahudumia wahubiri wengi. Ila kabla ya kugawa, tuombe ruhusa ya mwenye maandishi.