Pikipiki ya zamani: oili gani iwekwe kwenye shokapu za mbele?

Anayetoka Sumbawanga kwenda Muze, kwenye Bonde la Ziwa Rukwa, huondoka kwenye uwanda wa Ufipa ulio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na kushuka hadi bonde lenye karibu mita 800. Katika mteremko huo uzito wote, yaani pikipiki, dereva, abiria na gunia, unaegemea mbele. Shokapu za mbele zikiwa hazina oili, ukishika breki pikipiki inazama mpaka chuma kinagonga chuma, na tairi linarukaruka juu ya mawe badala ya kushika ardhi. Oili iliyovuja nayo ikifika kwenye diski, breki inateleza.

Hapa tunazungumzia hasa pikipiki za zamani ambazo bado zinafanya kazi: Honda XL na CG, Yamaha DT na AG. Nyingi zililetwa nchini kwa kazi za serikali, misheni na miradi, zikauzwa, zikauzwa tena, na kitabu chake kikapotea njiani. Shokapu zake ni rahisi. Ndani ya kila mguu mna springi, bomba lenye matundu madogo, na oili. Tairi likipanda jiwe, springi hujikunja na oili hulazimika kupita kwenye yale matundu. Springi ikitaka kurudi kwa nguvu, oili huizuia irudi taratibu.

Kwa hiyo mzigo hubebwa na springi. Kazi ya oili ni kutuliza mwendo wa springi. Wengi hukosea hapo: dereva anaona pikipiki inalala mbele akipakia, anaambiwa aweke oili nzito. Pikipiki itakuwa ngumu kweli, lakini springi iliyochoka itabaki imechoka. Springi kama hiyo hubadilishwa, na kwa pikipiki za aina hii si kifaa cha gharama kubwa kama injini.

Namba kwenye kopo

Oili ya shokapu huuzwa ikiwa na namba: 5, 10, 15 au 20. Namba ikipanda, oili ni nzito zaidi. Shida ni kwamba viwanda havikubaliani: namba 10 ya kampuni moja yaweza kuwa nzito kuliko namba 10 ya nyingine. Kipimo kinacholinganishika ni kile kinachoandikwa kwa herufi cSt kwenye nyuzi joto 40. Namba 10 nyingi ziko kati ya 30 na zaidi kidogo ya 40 kwa kipimo hicho.

Vitabu vingi vya Honda vya miaka ya 1970 na 1980 vilitaja ATF, ile oili nyekundu ya giaboksi za otomatiki. Uzito wake ni karibu 35, yaani sawa na namba 10. Hii ni habari njema kwa aliye Laela au Namanyere, kwani ATF hupatikana kwenye maduka ya vipuri vya magari hata pale ambapo oili yenyewe ya shokapu haipo. Oili ya haidroliki iliyoandikwa 32 nayo iko karibu na hapo. Ikiwa unaijua pikipiki yako na kitabu chake kinasema vingine, fuata kitabu.

Sasa linganisha na oili ya injini. SAE 40 au 20W-50 huzidi 130 kwa kipimo kilekile, yaani ni nzito mara nne hivi. Asubuhi ya Julai uwandani, baridi ikiwa kali, oili hiyo huganda kiasi kwamba shokapu karibu hazitembei. Kila shimo linapanda moja kwa moja mikononi, na sili zinasukumwa mpaka zinapasuka. Iliyokwisha kutumika ni mbaya zaidi kwa sababu ina masizi na unga wa chuma. Oili ya breki usiiweke kabisa, huharibu mpira wa sili.

Mtu anayeishi bondeni kwenye joto na kupakia kila siku anaweza kujaribu namba 15, kwa sababu joto huifanya oili kuwa nyepesi. Anayekaa juu uwandani abaki na 10. Kwa anayepanda na kushuka kila wiki, nami ningesema 10.

Kipimo na usafi

Kiasi hupimwa kwa cc, si kwa macho. Pikipiki nyingi ndogo huchukua kati ya cc 100 na 200 kila mguu, na miguu yote miwili lazima ilingane. Bomba la sindano kutoka duka la dawa linatosha kupimia. Ikizidi, hewa iliyo juu inabanwa sana na sili hutoka. Ikipungua, inatoa povu na kugonga. Kitabu huwa na vipimo viwili: cha kumwaga na kujaza tu, na kikubwa zaidi cha shokapu iliyofunguliwa yote na kukauka.

Kabla ya kufungua kofia ya juu, inua tairi la mbele kwa stendi imara na uso wako usiwe juu yake, springi huirusha. Oili ikitoka ya kijivu au kama maziwa, maji yameingia. Suuza kwa kiasi kidogo cha oili mpya ya aina ileile, mwaga, ndipo ujaze.

Ukimaliza, futa nguzo za shokapu zikauke, endesha siku moja, kisha angalia. Ukiona duara la oili, pitisha kucha juu ya chuma. Kama kucha inakwama kwenye vishimo vya kutu, sili mpya itakatwa tena ndani ya muda mfupi, na kinachohitajika ni nguzo nyingine.