Altare ya Kinshasa, Meza ya Portsmouth

Ibada iliyorithiwa iwafikieje watu ambao maisha yao hayafanani na ya walioitunga? Kanisa Katoliki la Kongo na Kanisa Anglikana la Uingereza yote yameulizwa swali hilo, na kila moja limejibu kwa njia yake.

Wakongo waliingia ndani ya Misa yenyewe. Kardinali Joseph Malula na maaskofu wenzake walichunguza, wakajaribu na kurekebisha kwa miaka mingi, hadi Roma ikaidhinisha utaratibu wao mwaka 1988. Humo wahenga wenye moyo mnyofu huombwa pamoja na watakatifu mwanzoni mwa ibada, na Utukufu huimbwa kwa kucheza kuizunguka altare. Mgeni huvutiwa na ngoma, lakini kwangu badiliko zito zaidi ni mahali pa toba. Katika utaratibu wa kawaida wa Kirumi, waamini huungama mwanzoni na kutakiana amani karibu na komunyo. Kwa Wakongo toba huja baada ya mahubiri na Nasadiki, na amani hufuata papo hapo. Mtu husikia Neno kwanza, ndipo atambue alipokosea. Kisha hupatana na jirani kabla ya kutoa sadaka. Aliyewahi kuketi barazani na wazee anauelewa mpangilio huo: shauri husikilizwa kwanza, ndipo watu wapatanishwe.

Waanglikana wa Uingereza walianza na wasiokuja kabisa. Kitabu cha Sala cha 1662 kimebaki halali, na sala za jioni zingali zikiimbwa katika makanisa makuu. Kando yake, taarifa ya mwaka 2004, Mission-shaped Church, ilihimiza jumuiya mpya, na sheria ya 2007 ikawawezesha maaskofu kuzitambua hata zikivuka mipaka ya parokia. Mwaka huohuo wa 2004, karibu na Portsmouth, ilianza Messy Church: wazazi na watoto hufanya kazi za mikono kuhusu kisa cha Biblia, husali kwa muda mfupi, kisha hula pamoja.

Kongo ilibadili ibada ikaacha mkusanyiko ulivyo. Uingereza ilibadili mkusanyiko ikaacha ibada ya kale mahali pake. Kila njia ina ugumu wake. Kijana wa Kinshasa aliyezaliwa mjini huenda hazifahamu ishara za utawala wa jadi zilizoingizwa katika Misa. Na familia ya Portsmouth inayorudi Messy Church kila mwezi bado inahitaji kuonyeshwa njia ya kufika kwenye ubatizo na Meza ya Bwana.

Kwetu Afrika Mashariki, maaskofu Wakatoliki walipokutana mwaka 1976 walisisitiza jumuiya ndogondogo, na sala ikahamia majumbani. Huko tuliwakaribia Waingereza kabla yao. Kwenye altare bado tuko nyuma ya Wakongo. Kamati zetu za liturujia ziusome utaratibu wa Kongo kwa makini, na viongozi wa jumuiya wajiulize ni jirani gani haonekani, na saa ipi angeweza kuja.